Kozi ya chakula cha kaskazini ya mbali, kwa macho ya mwenye stoo Buguruni

Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu ya kusini na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga, fuso niliyokuwa nimeikodi ilikwama upande wa huku wa maji ikiwa imebeba kabichi za Lushoto, nyanya za Ilula na vitunguu vya Singida, na kwa siku nne mfululizo dereva alinipigia kila asubuhi kunieleza kilichooza usiku uliopita. Upande wa pili wa maji walikuwa wateja wangu, shule mbili za bweni na mama lishe kadhaa wa Lindi mjini, ambao walikuwa wananitegemea mimi, nami nilikuwa naitegemea barabara moja. Naanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifanya nilipie kozi ambayo kwa mtazamo wa haraka haimhusu mkazi yeyote wa Dar es Salaam: wiki nane za masomo ya mtandaoni kuhusu kilimo na mifumo ya chakula stahimilivu katika nchi za kaskazini ya mbali, huko Alaska, Kanada ya kaskazini, Greenland, Iceland na Skandinavia ya juu, ambako ardhi huganda na sehemu nyingine jua hupotea kwa wiki nyingi.

Jina la chuo kilichoitoa naliacha. Vyuo kadhaa vya nchi hizo vinafundisha mambo haya, na ninayoyasema hapa yatamfaa mtu anayetaka kuchagua kozi yoyote kati ya hizo, hasa akiwa ni mfanyabiashara wa chakula, afisa ugani au mpishi mkuu wa taasisi. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asisumbuke: kozi hii inatangazwa kwa picha za taa za zambarau na saladi zinazoota ndani ya kontena, lakini thamani yake yote iko kwenye masomo ya ghala, ya njia za usafirishaji na ya chakula cha wenyeji. Anayeichukua kwa ajili ya kontena atasikitika. Anayeichukua ili ajifunze kuuliza chakula kinalala wapi siku barabara inapokatika, hatajutia hata shilingi moja.

Wiki ya kwanza haikuzungumzia kilimo kabisa. Mwalimu alianza na mji wa Whitehorse, makao makuu ya Yukon, Kanada, ambao mwezi Juni 2012 ulijikuta umetengwa baada ya mafuriko na maporomoko ya udongo kuifunga barabara kuu inayoufikisha chakula kutoka kusini, na ndani ya siku chache tu rafu za maduka makubwa zikawa wazi. Chakula hakikuwa kimepungua huko kusini, wala mavuno hayakuwa yameharibika. Ngano ilikuwepo, maziwa yalikuwepo, mboga zilikuwepo, ila vyote vilikuwa upande wa pili wa shimo. Kisha akaja na Churchill, mji mdogo wa bandari kwenye Ghuba ya Hudson ambao hauna barabara ya kuufikia na unategemea reli. Mei 2017 mafuriko yaliing'oa reli hiyo mahali pengi, na ukarabati ukachukua takriban mwaka mmoja na nusu kabla ya treni kurudi mwishoni mwa 2018, muda ambao wakazi waliishi kwa bidhaa za ndege na za meli za msimu, kwa bei ambayo kila mfanyabiashara wa chakula anaweza kuikisia. Na baada ya hapo Nunavut, eneo kubwa lenye jumuiya 25 ambazo hakuna hata moja iliyounganishwa na nyenzake kwa barabara, ambako meli hufika majira ya joto tu, barafu inapokuwa imeyeyuka, na kwa miezi iliyobaki kila kichana cha mboga mbichi hushuka kutoka kwenye ndege.

Niliisikiliza video hiyo mara mbili. Nilipokuwa shule tulifundishwa kwamba njaa huletwa na ukame, nzige na vita, na mambo hayo ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kunieleza kwamba mji tajiri wenye maduka yaliyojaa unaweza kukosa maziwa kwa sababu ya kalavati moja. Nilichokiona Somanga nilikuwa nimekiita bahati mbaya. Mwalimu wa kozi hii alikiita jinsi mfumo ulivyojengwa, na maneno hayo yalinigusa kwa sababu bahati mbaya mtu huivumilia tu, ilhali kilichojengwa kinaweza kujengwa upya kwa namna nyingine.

Zoezi la wiki hiyo lilikuwa la mistari mitatu. Chukua mahali unapouzia au unapolia chakula. Chukulia kwamba hakuna gari litakalofika. Hesabu siku ambazo kila aina ya chakula itadumu, kisha andika kitakachokwisha kwanza. Nililifanya Jumamosi jioni stooni kwangu Buguruni, pamoja na Mzee Mbwana, mtunza stoo wangu ambaye ameshika funguo za maghala tangu mimi niko shule ya msingi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo yeye alishika tochi na mimi nikashika daftari. Tulihesabu viroba 140 vya sembe vya kilo 25, na kwa kuwa shule zangu mbili zinamaliza viroba 20 kwa siku, niliandika siku saba kwa moyo mweupe. Mzee Mbwana aliushusha mwanga wa tochi kwenye kona ya mlango akaniambia, "Mama, hivi arobaini vya hapa umevihesabu bure, ni vya yule wa Chanika, ameshavilipia." Nikafuta saba nikaandika tano. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuvitazama viroba vilivyobaki, kisha akasema, "Na hivi vingine navyo viko Buguruni. Maji yakikata Somanga, hivi ni vya watu wa Buguruni. Lindi kule una nini?"

Lindi sikuwa na kitu. Nilifuta tano nikaandika sifuri, na hadi leo ukurasa ule sijauchana. Naamini kwamba hakuna somo jingine katika wiki zote nane lililonipa kiasi kile, na lilitoka nusu kwa mwalimu wa kaskazini na nusu kwa mzee wa Buguruni ambaye hajawahi kuiona theluji.

Wiki ya pili na ya tatu ziliendeleza jambo hilo hilo kwa upande wa nchi nzima, na hapa ndipo kozi ilipokuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia. Ufini ilipitia njaa kubwa kati ya 1866 na 1868. Mwaka 1867 barafu ya maziwa ilichelewa mno kuyeyuka, mbegu zikachelewa kuingia ardhini, na baridi kali ya Septemba ikayaua mavuno kabla hayajakomaa. Zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyoandamana nayo, katika nchi ambayo watu wake hawakuwa hata milioni mbili. Watu walisaga magome ya msonobari wakachanganya na unga ili mkate utoshe. Nchi iliyopita hapo haisahau upesi, na Ufini ya leo ina wakala wa serikali wa akiba za dharura, Huoltovarmuuskeskus, ulioanzishwa 1993, ambao miongoni mwa kazi zake ni kuhakikisha kwamba nafaka ya kulisha taifa kwa angalau miezi sita iko ghalani wakati wowote. Jirani yake Norwei ilikwenda njia nyingine: iliacha kuhifadhi nafaka ya dharura mwaka 2003, kwa hoja kwamba soko la dunia lingeiuzia wakati wowote ingehitaji, halafu baada ya korona na vita vya Ukraine ikabadili msimamo, na mwezi Juni 2024 ikatia saini mikataba ya kuanza kuhifadhi upya tani 30,000. Mwalimu hakuwabeza Wanorwei hata kidogo, na hilo nililiheshimu. Alieleza tu kwamba ghala lililojaa huonekana ni hasara kila mwaka isipokuwa mwaka mmoja, na kwamba hakuna mhasibu anayejua kuuweka mwaka huo kwenye vitabu vyake.

Kwa msomaji wa Tanzania, wiki hizo mbili zinampa macho mapya ya kuutazama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Tumezoea kuusikia NFRA msimu wa mavuno tu, bei ya mahindi inapobishaniwa. Kozi ilinifanya nitake kujua maghala yake yako upande gani wa mito yetu, swali ambalo sikuwahi kulifikiria kabla.

Masomo ya kilimo chenyewe, yaani wiki ya nne, nayapitia kwa haraka kwa sababu ni mazuri lakini hayaondoki na mtu. Utajifunza kwamba baridi ni tatizo mojawapo tu la mkulima wa huko. Kiangazi chao ni kifupi lakini siku ni ndefu kupita kiasi. Pale Palmer, Alaska, mwezi Juni jua hukaa juu kwa zaidi ya saa 19, na ndiyo maana bonde lile la Matanuska, ambako serikali ya Marekani ilipeleka familia zipatazo 200 za wakulima mwaka 1935, hutoa kabichi zinazofika uzito wa mtu mzima. Iliyovunja rekodi kwenye maonyesho ya 2012 ilikuwa na kilo 62.71. Mwanga huo huo huwa adui kwa mazao mengine, kwa kuwa spinachi halisi (si ile tunayouziwa Ilala kwa jina hilo, ambayo ni ndugu wa bitiruti) ikiona siku ndefu hukimbilia kutoa maua, na mkulima hubaki na bua chungu lisilouzika. Somo la udongo lilinishangaza zaidi. Chini ya maeneo mengi ya huko kuna ardhi iliyoganda mwaka hadi mwaka, na ndani yake mna mapande ya barafu. Ukikata msitu na kulima juu yake, jua huingia, barafu huyeyuka, na shamba hutitia vipande vipande kama ilivyotokea kwenye mashamba ya Fairbanks tangu miongo ya mwanzo ya karne iliyopita. Mtu anafyeka ili apate shamba, na kufyeka kwenyewe kunaliharibu shamba.

Wiki ya tano ndiyo iliyoniudhi. Ilikuwa wiki ya teknolojia, na kwa saa nzima tulionyeshwa makontena yenye taa za LED, mabomba ya maji yenye virutubisho, vipimo vinavyosomwa kwa simu, na vijana wenye tabasamu wakikata saladi huku nje kuna baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nilisubiri bili ya umeme, haikuja. Nilisubiri bei ya saladi ile mwishoni mwa mwezi, nayo haikuja. Nilipouliza kwenye kipindi cha moja kwa moja ni nani analipia dizeli ya jenereta katika kijiji ambacho umeme wake wote ni wa dizeli iliyoletwa kwa meli, mwalimu aliyesimamia wiki hiyo alijibu kwamba gharama hutofautiana, akaendelea mbele. Kwa mtu anayeuza chakula, jibu hilo halitoshi. Chakula kinachoota kwa dizeli iliyosafirishwa bado kimesafirishwa. Kilichobadilika ni kwamba badala ya kupakia saladi, umepakia mafuta yake. Isitoshe, saladi haimshibishi mtu. Mtoto wa shule ya bweni, awe Lindi awe Nunavut, anahitaji wanga, protini na mafuta kabla ya jani.

Ninakiri kwamba mifano miwili katika wiki hiyo ilikuwa ya haki. Iceland imekuwa ikijenga vitalu nyumba vinavyopashwa moto kwa maji ya moto yatokayo ardhini tangu miaka ya 1920, hasa katika mji wa Hveragerði, na leo inazalisha nyanya na matango hata katikati ya giza la majira ya baridi, kwa sababu joto linatoka chini ya miguu yake na umeme wake ni wa bei nafuu. Wale hawakununua suluhisho, walifungua bomba la kitu walichokuwa nacho. Mfano wa pili ni Inuvik, mji wa Kanada ulio juu ya mstari wa Aktiki, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazi walichukua jengo la zamani la mchezo wa magongo ya barafu, wakabadili paa likapitisha mwanga, na kuligeuza kitalu cha jumuiya chenye vitanda vya bustani ambavyo wakazi hulima wenyewe. Hawakutaka kulima mwaka mzima. Walitaka kurefusha kiangazi, na wakakirefusha. Laiti wiki nzima ingejengwa juu ya mifano hiyo miwili, ningeisifu.

Kisha ikaja wiki ya sita, ya chakula cha wenyeji, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu nina mengi ya kusema. Kabla ya wiki hii kozi ilikuwa imezungumza kana kwamba chakula cha kaskazini kilianza siku meli ya kwanza ya unga ilipotia nanga. Mwalimu wa wiki ya sita, mama mmoja wa makamo aliyezungumza polepole na kwa Kiingereza chepesi, alianza kwa kuonyesha shimo. Lilikuwa na mfuniko wa mbao juu ya theluji. Chini yake ngazi, na kuta zinazometa kwa chembe za barafu. Hilo ni ghala la Wainupiat wa kaskazini ya Alaska, lililochimbwa ndani ya ardhi iliyoganda, ambamo familia huhifadhi nyama ya nyangumi kwa miezi bila umeme wala dizeli. Sikuweza kuacha kulifikiria. Wakati wiki iliyotangulia ilituonyesha jinsi ya kupigana na baridi kwa mashine, hawa walikuwa wameifanya baridi iwe mtunza stoo wao.

Lakini maghala hayo sasa yanaharibika. Katika mji wa Utqiagvik na vijiji vinginevyo, ardhi iliyoganda inapata joto, maji yanaingia, kuta zinabomoka, na nyama iliyopaswa kudumu inaoza. Kwa wafugaji wa kulungu wa kaskazini, Wasami wa Skandinavia na Wanenets wa rasi ya Yamal nchini Urusi, balaa huja kwa namna nyingine: mvua inanyesha katikati ya majira ya baridi, inaganda juu ya theluji, na kulungu aliyezoea kufukua malisho kwa kwato anakuta jiwe. Yamal ilipoteza kulungu wapatao 61,000 kufuatia mvua ya namna hiyo ya Novemba 2013. Mto Yukon nao, uliolisha vijiji vya Alaska na Kanada kwa samaki aina ya salmoni kwa vizazi visivyohesabika, umepungukiwa kiasi kwamba mwaka 2024 nchi hizo mbili zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa salmoni wakubwa waitwao chinook kwa miaka saba. Mama yule aliyataja haya bila kupandisha sauti. Alisema kwamba mtu wa nje akisikia samaki wamekwisha hufikiri juu ya kalori, ilhali kijiji kinawaza pia ni nani atamfundisha mtoto kukausha samaki ikiwa kwa miaka saba hakuna samaki wa kukausha.

Alitueleza pia, kwa haki, juu ya ruzuku ya serikali ya Kanada iitwayo Nutrition North, iliyoanza 2011, ambayo hupunguza bei ya vyakula vinavyosafirishwa kwenda jumuiya za mbali kwa kuwalipa wauzaji na wasambazaji. Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo alieleza mwaka 2014 kwamba wizara haikuwa imethibitisha kama nafuu yote inamfikia mnunuzi. Miaka ya baadaye, kuanzia 2020, iliongezwa sehemu ya kuwasaidia wawindaji na wavuvi wenyewe kupata vifaa na mafuta. Kama mfanyabiashara ninayepokea fedha za taasisi, sehemu hiyo niliisoma kwa makini sana, kwa sababu najua jinsi ilivyo rahisi nafuu ya mteja kuyeyukia kwenye mfuko wa kati.

Wiki ile ilinirudisha nyumbani kwa njia ambayo sikuitazamia. Siku barabara ilipokatika, nilikuwa nahangaika kuwapelekea watu wa Lindi kabichi za Lushoto, na sikuwahi kujiuliza wanakula nini siku ambazo mimi sipo. Wanakula makopa, muhogo waliokausha wenyewe juani. Wanakula kunde, mbaazi, samaki wakavu wa Kilwa, nazi, korosho. Nilikuwa nawatazama kama watu walio mwisho wa barabara yangu, kumbe kuna barabara nyingine nyingi fupi zinazoanzia kwao. Kozi ilitoa wiki moja tu kwa jambo hili, na wiki moja kamili kwa makontena. Mpangilio huo ni kosa kubwa, na nimeuandikia uongozi wa kozi hivyo hivyo, kwa adabu.

Wiki ya saba ilikuwa ya mbegu, na ilitulia juu ya hazina ya dunia iliyochimbwa ndani ya mlima wa Svalbard, Norwei, iliyofunguliwa Februari 2008, ambako zaidi ya sampuli milioni moja za mbegu kutoka nchi mbalimbali zimehifadhiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Jambo lililonibakia ni kwamba akiba ile imeshatumika: mwaka 2015, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, ICARDA, kilichokuwa na benki yake ya mbegu karibu na Aleppo, Syria, kiliomba kurudishiwa mbegu zake baada ya vita kukifanya kisiweze kufanya kazi huko, kikazipanda Lebanon na Morocco, na baadaye kikaanza kurudisha nakala mpya mlimani. Wiki ya nane ilikuwa ya mradi wa mwisho na mtihani, na haina la kusimulia.

Sasa kasoro za huduma yenyewe. Ada yake ilinigharimu karibu shilingi 450,000, ambayo kwa wiki nane za masomo ya kiwango hiki siioni kuwa kubwa, lakini cheti hulipiwa peke yake, na jambo hilo nililijua siku ya mtihani tu. Video ni nzito mno kwa mtu anayetumia bando la simu. Wiki ya tatu peke yake ilimaliza bando langu la mwezi, na maandishi ya mihadhara yalitolewa baada ya wanafunzi kadhaa wa Afrika na Asia kulalamika. Vipindi vya moja kwa moja hufanyika saa mbili usiku kwa saa za kwetu, wakati ambao mwenye familia yuko mezani, ingawa rekodi hupatikana kesho yake. Kiingereza cha walimu kinaeleweka isipokuwa wiki ya nne, ambayo imejaa istilahi za udongo zisizofafanuliwa. Walimu hujibu barua pepe ndani ya siku mbili au tatu, na hujibu kwa uangalifu.

Nasema hivyo kwa sababu mimi niliandika barua ndefu. Niliwaeleza juu ya ukurasa wangu wenye sifuri, nikawauliza: ninyi mnapohifadhi, baridi inawasaidia, mimi nitahifadhi vipi Lindi, penye joto na unyevu wa bahari, ambako sembe hupata harufu ya uvundo baada ya miezi michache na mahindi huliwa na fukusi na dumuzi hadi yabaki vumbi? Mama wa wiki ya sita alinijibu mwenyewe. Alisema kwamba kozi yao haina jibu la joto, na kwamba asingependa kunipa la kubuni. Akanishauri nitafute ni nini wazee wa huko wamekuwa wakihifadhi na kwa muda gani, kisha nianze na hicho. Nililichukulia jibu hilo kuwa ni la mwalimu wa kweli, japo linaonyesha mpaka wa kozi: atakayetarajia maelekezo ya kuhifadhi chakula katika nchi za joto hatayapata humu.

Kwa hiyo mengine tuliyafanya wenyewe. Kabla ya masika nilikodi chumba kimoja Lindi mjini, chenye sakafu ya saruji na paa lisilovuja, nikaacha kabisa wazo la sembe. Tuliweka mahindi mazima, yaliyokaushwa vizuri, ndani ya mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile ya PICS, juu ya vichanja vya mbao, pamoja na mbaazi tulizonunua huko huko. Mahindi yatasagwa mashine ya jirani kadiri yanavyohitajika. Mzee Mbwana alikwenda mwenyewe kupanga mifuko, na baada ya miezi minne alirudi kufungua mfuko wa kwanza. Alinipigia simu ya video ili nione. Alimimina kiasi kwenye ungo, akapepeta mbele ya kamera, akausogeza ungo karibu hadi punje zikajaa kioo cha simu yangu, nzima, za manjano kidogo, bila tundu. Kisha akageuza ungo nionyeshwe chini palipopaswa kuwa na unga wa dumuzi. "Hakuna kitu, mama," alisema, akaanza kuhesabu mifuko iliyobaki kwa sauti, na safari hii tulipogawa kwa viroba ishirini vya shule kwa siku, tulipata siku kumi na moja, zote zikiwa upande wa Lindi.